Ufuate Uzi wa Pamba: Mwongozo Kamili wa Kuijua Sanaa ya Manchester kwa Miguu

Kwa wengi wetu Manchester ni mpira. Nami nilifika hapa nikiwa na hilo tu kichwani, na kwa miezi kadhaa nilipita Mosley Street kila asubuhi, mbele ya jengo la mawe lenye nguzo nene, nikidhani ni mahakama. Siku moja mvua ikanikuta pale, nikaingia kujikinga. Hakuna aliyeniuliza tiketi. Nikapanda ngazi, nikakata kona, nikakutana uso kwa uso na kijana mweusi ndani ya fremu, macho kayatupa pembeni kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa. Nilisimama pale mpaka koti likaanza kukauka.

Mwongozo huu nimemwandikia mtu wa aina niliyokuwa mimi: mwanafunzi, mfanyakazi wa zamu, mzazi aliyekuja kumsalimia mwanawe, yeyote anayeishi Manchester au kuipitia huku akidhani majumba yale yana wenyewe. Mengi huingii kwa pesa. Na ukijua pa kuanzia, utaona kwamba sehemu kubwa ya sanaa ya mji huu imefumwa kwa uzi mmoja, pamba, na ncha ya uzi huo ilifika mpaka pwani kwetu. Nimepanga safari ya siku mbili za mchana na jioni kadhaa, lakini unaweza kuikatakata uwezavyo.

Hatua ya 1: Chagua siku kabla ya kuchagua mahali

Usiende Jumatatu. Shangazi yangu alipokuja kutoka Tanga nilimtoa Jumatatu asubuhi, nimemsifia nyumba moja ya sanaa usiku kucha, tukafika tukakuta milango imefungwa na mvua inapiga ubavuni. Makumbusho na majumba ya sanaa mengi hapa hupumzika siku hiyo. Maktaba Kuu hufungwa Jumapili. Siku zilizo salama zaidi ni Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Alhamisi ina faida nyingine, kwamba Whitworth, nyumba ya sanaa tutakayomalizia siku ya pili, huchelewa kufunga, kwa hiyo anayetoka kazini jioni naye anawahi. Saa hubadilika, basi angalia tovuti ya mahali husika usiku wa kuamkia safari.

Vaa viatu vya kutembea na koti la mvua lenye kofia. Mwavuli utakusumbua tu, maana upepo wa huku unaupindua, na ndani utatafuta pa kuuweka. Chukua mkoba mdogo. Katikati ya mji kuna basi za bure zinazozunguka, na za kulipia ni zile za manjano za Bee Network pamoja na tramu. Lakini karibu kila nitakachokitaja siku ya kwanza ni mwendo wa dakika kumi kutoka kimoja hadi kingine.

Hatua ya 2: Anzia Maktaba Kuu, St Peter's Square

Watu huanzia kwenye picha. Mimi nakushauri uanzie maktaba, kwa sababu pale mgeni hasimami kama mgeni: unaingia, unakaa, unasoma gazeti, unakwenda msalani, unachaji simu. Ni jengo la duara lililofunguliwa mwaka 1934. Panda mpaka chumba kikubwa cha kusomea, chini ya kuba. Ukiangusha kalamu humo, mlio wake unazunguka kuba lote, kwa hiyo funga mkoba wako vizuri kabla hujaingia.

Kisha tafuta Henry Watson Music Library, humo humo ndani. Ni maktaba ya muziki iliyo na piano ambazo mwananchi yeyote anaruhusiwa kupiga. Kama ulijifunza kinanda kanisani na huku huna hata cha kuazima, hapa ndipo pako. Uliza mhudumu utaratibu wa siku hiyo. Jengo hilo hilo lina kituo cha Ahmed Iqbal Ullah, chenye vitabu na kumbukumbu za watu weusi na Waasia wa Uingereza. Mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti asipite bila kuingia.

Ukitoka nje kuna sanamu ya Emmeline Pankhurst, mzaliwa wa mji huu aliyepigania kura ya wanawake, amesimama juu ya kiti mkono ameunyoosha. Iliwekwa mwaka 2018. Town Hall iliyo karibu ina michoro 12 ya ukutani ya Ford Madox Brown inayosimulia historia ya mji. Ilifungwa mwaka 2018 kwa ukarabati mkubwa, basi uliza hali yake kabla hujaitia kwenye mipango.

Hatua ya 3: Manchester Art Gallery, na kijana aliyenisimamisha

Ni mwendo wa dakika mbili. Jengo lilichorwa na Charles Barry, yule yule aliyechora bunge la London. Kuingia ni bure; sanduku la mchango liko mlangoni, weka ukiwa nacho.

Usijaribu kuona vyote. Chagua vitu vitatu, kila kimoja ukipe dakika kumi. Cha kwanza kiwe kijana wangu. Anaitwa Ira Aldridge, mwigizaji Mwafrika Mmarekani aliyezaliwa New York mwaka 1807, akavuka bahari akiwa kijana mdogo kwa sababu kwao jukwaa la maana halikuwa la mtu mweusi. Mchoraji James Northcote alimchora mwaka 1826 akiwa Othello, jemadari mweusi wa tamthilia ya Shakespeare. Mwaka uliofuata taasisi iliyozaa jumba hili ikainunua picha hiyo, na ndiyo kazi ya kwanza kabisa kuingia kwenye mkusanyiko wake.

Ukisimama mbele yake fikiria tarehe. Mwaka 1827 utumwa ulikuwa bado halali katika makoloni ya Uingereza. Sheria ya kuufuta ilipitishwa mwaka 1833. Pamba iliyokuwa ikiingia viwanda vya Manchester sehemu kubwa ilichumwa na watumwa wa Marekani. Na mji huo huo, ulipoamua kuanza kukusanya sanaa, ulianza na uso wa mtu mweusi aliye huru, tena anayeishi kwa kazi ya kipaji chake. Mambo hayo mawili yalikaa mji mmoja, na ninavyoona mimi, asiyeyashika yote mawili kwa pamoja hataielewa Manchester. Aldridge aliendelea kuigiza Ulaya nzima na akafa Poland mwaka 1867, akiwa safarini.

Picha huhamishwa mara kwa mara. Usipoiona, muulize mlinzi wa chumba, wala usione haya. Wengi wao wanajua mengi na wanafurahi kuulizwa.

Cha pili kiwe "Work" ya Ford Madox Brown. Alianza kuichora mwaka 1852 akaimaliza mwaka 1865. Ni barabara ya London inachimbwa mchana wa jua kali, vibarua katikati, matajiri wamekwama nyuma juu ya farasi, watoto yatima mbele. Isogelee kisha urudi nyuma, maana kila kona ina kisa chake. Cha tatu nakuachia mwenyewe.

Hatua ya 4: Sasa ufuate uzi wenyewe

Tembea hadi St Ann's Square, uingie Royal Exchange. Hapa ndipo wafanyabiashara wa pamba walipokutana kuuziana, katika ukumbi mmoja mkubwa mno chini ya makuba ya vioo. Biashara ilikoma mwaka 1968. Mwaka 1976 wasanii wakajenga ndani ya ukumbi huo jumba la tamthilia la chuma na vioo, lenye pande saba, na kwa kuwa sakafu ya zamani isingehimili uzito wake, wakalitundika kwenye nguzo nne za jengo. Linafanana na chombo kilichotua kutoka angani.

Mchana ukumbi ukiwa wazi, ingia uinue macho juu ukutani. Ubao wa bei bado upo, na tarakimu zilizopo ni za siku ya mwisho ya biashara. Hapa ndipo shangazi alipokaa kimya kirefu, kisha akaniambia: "Mwanangu, kumbe ile ulaiti aliyokuwa akiitaja bibi yetu ilipangiwa bei humu?"

Nilimwambia naamini ndivyo. Katika karne ya 19 nguo kuu ya biashara Unguja na bara ilikuwa merikani, kitambaa kigumu kutoka viwanda vya Marekani, kilichotumika hadi kuwa kama fedha kwenye njia za misafara. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865, vikaipunguza sana, na nguo za Uingereza na India zikajaza nafasi. Za Uingereza ndizo zilizopewa jina la ulaiti. Kanga nazo, kabla viwanda vyetu havijaanza kuzichapa, zilitoka nje, Uingereza ikiwa mojawapo. Kwa hiyo unaposimama chini ya ubao ule unaangalia upande wa pili wa duka la mtaani kwenu.

Vita hivyo hivyo viliacha alama hapa. Dakika tano mbele, Lincoln Square, kuna sanamu ya Abraham Lincoln. Pamba ilipokatika, viwanda vilisimama na njaa ikaingia majumbani, lakini wafanyakazi walikutana mwishoni mwa mwaka 1862 wakaandika barua ya kumuunga mkono Lincoln dhidi ya utumwa. Alijibu Januari 1863, na maneno ya jibu lake yamechongwa kwenye kitako cha sanamu. Yasome taratibu.

Ukivuka kuingia Deansgate utaona jengo jekundu linalofanana na kanisa. Ni John Rylands Library. Enriqueta Rylands, mzaliwa wa Cuba, alilijenga kwa kumbukumbu ya mumewe aliyetajirika kwa pamba, na milango ikafunguliwa kwa umma tarehe 1 Januari 1900. Humo mna kipande cha mafunjo, kidogo kuliko kiganja, chenye maneno ya Injili ya Yohana kwa Kigiriki, kikihesabiwa miongoni mwa mabaki ya kale kabisa ya Agano Jipya. Hata asiye Mkristo atapenda chumba cha kusomea. Kaa dakika tano uangalie mawe ya dari yanavyokutana.

Miguu ikiruhusu, malizia Science and Industry Museum, Castlefield, penye kituo cha reli cha mwaka 1830. Uliza saa za kuonyesha mashine za pamba. Wakiiwasha hata moja tu, utaelewa kwa nini wanawake wa viwandani walizoea kuongea kwa kusomana midomo.

Hatua ya 5: Siku ya pili, shuka na Oxford Road

Hii ndiyo siku ninayoipenda kuliko zote. Kutoka St Peter's Square unashuka kusini kwa miguu, barabara moja, kama kilomita mbili, bila kupotea.

Simama kwanza kwenye bustani ya All Saints. Upande wa Cavendish Street kuna uso wa jengo la zamani lenye nguzo, sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Manchester Metropolitan, na ukutani kuna kibao chekundu. Lilikuwa Chorlton-on-Medlock Town Hall. Hapa, kuanzia tarehe 15 hadi 21 Oktoba 1945, ulifanyika Mkutano wa Tano wa Umajumui wa Afrika, harakati za kuwaunganisha Waafrika na watu weusi wa dunia nzima. Walikuwapo Jomo Kenyatta, Kwame Nkrumah, George Padmore, mzee W. E. B. Du Bois na Amy Ashwood Garvey. Miongoni mwa waandaaji alikuwa Ras Makonnen, aliyekuwa na mikahawa mjini humu. Vita vya dunia vilikuwa vimeisha miezi michache tu nyuma, na wao wakatoka hapa wakidai uhuru kamili. Ghana ikaupata mwaka 1957, Kenya 1963. Mamia ya watu hupita mbele ya kibao hiki wakiwahi vipindi. Wewe simama, piga picha, uitume nyumbani kwa wazee.

Jirani hapo kuna Manchester Poetry Library, iliyofunguliwa mwaka 2021, maktaba ya mashairi iliyo wazi kwa kila mtu, yenye vitabu vya lugha nyingi. Uliza kama wana cha Kiswahili. Kama hakuna, wapendekezee. Sisi wenye tenzi na mashairi ya kupokezana tusione haya kuulizia rafu yetu.

Mbele kidogo ni Royal Northern College of Music. Wanafunzi wake hutumbuiza mchana na jioni, mara nyingi kwa bei ndogo au bure kabisa. Kisha Manchester Museum, iliyofunguliwa upya Februari 2023 ikiwa na ukumbi wa Asia ya Kusini. Mwaka 2025 ilitangazwa kuwa Makumbusho Bora ya Ulaya. Watoto watakimbilia mifupa ya dinosauri na vyura hai. Mtu mzima namwomba asome vibao kwa jicho jingine. Mwaka 2023 makumbusho haya yaliwarudishia Waanindilyakwa wa Groote Eylandt, Australia, vitu 174 vya urithi wao, kwa mazungumzo na wenyewe. Ukiona kitu kutoka Afrika, uliza maswali mawili: kilifikaje hapa, na jamii iliyokitengeneza imeulizwa nini. Nimeuliza mara nyingi, na sijawahi kuonekana mkorofi.

Malizia Whitworth, ndani ya bustani. Ilianzishwa mwaka 1889, ikapanuliwa mwaka 2015 kwa bawa la vioo linaloingia katikati ya miti. Sifa yake ni vitambaa na karatasi za ukutani. Mkusanyiko wa vitambaa ulianzishwa ili wabunifu na wenye viwanda waje kujifunza mitindo ya dunia. Shangazi aliinama karibu na kitambaa kimoja akahesabu rangi zilizopigwa juu ya nyingine, akanionyesha pale ambapo chapa ya pili haikukaa sawasawa na ya kwanza, nyekundu ikatoka nje ya mstari mweusi kwa upana wa ukucha. "Hii kwetu tungeipunguza bei," akasema. Mlinzi alisogea akasikiliza, akaniomba nimtafsirie.

Hatua ya 6: Jioni

Hapa ndipo pesa inapohitajika, lakini si nyingi ukijua njia. Sheria ya kwanza: ingia kwenye tovuti ya ukumbi wenyewe, ukwepe wauzaji wa kati wanaoongeza ada. Ya pili: tafuta bei za vijana, wanafunzi na wenye kipato kidogo; kumbi nyingi za hapa zinazo, ila hazitangazi kwa herufi kubwa. Ya tatu: piga simu au fika dirishani mchana wa siku yenyewe, uulize viti vilivyorudishwa.

Okestra ya Hallé ilianzishwa mwaka 1858 na Charles Hallé, mhamiaji kutoka Ujerumani. Leo inapiga Bridgewater Hall, ukumbi wa mwaka 1996 uliokalishwa juu ya springi karibu 280 ili mtetemo wa tramu usiingie ndani. Kama ni mara yako ya kwanza, tafuta viti vya kwaya, nyuma ya okestra, siku ambayo hakuna kwaya. Utamwona kondakta usoni, ambapo wenye tiketi ghali wanaona mgongo wake. Usipige makofi muziki unaponyamaza katikati ya kazi. Subiri kondakta ashushe mikono na ageuke. Ukichelewa utazuiliwa nje mpaka nafasi ipatikane, kwa hiyo fika robo saa kabla.

Tamthilia, rudi Royal Exchange. Jukwaa liko katikati na watazamaji wamelizunguka, hakuna anayekaa mbali. HOME, iliyofunguliwa mwaka 2015, ina majukwaa mawili, skrini tano za sinema na maonyesho ya picha. Ndipo filamu za Afrika na za nchi nyingine zinapopatikana zikiwa na maandishi ya Kiingereza chini. Contact, karibu na Oxford Road, ni jumba ambalo vijana wenyewe wana sauti katika kuamua kinachoonyeshwa. Aviva Studios ni kubwa na jipya, la mwaka 2023, nyumbani kwa tamasha la Manchester International Festival linalofanyika Julai kila baada ya miaka miwili. La 2025 limepita, linalofuata ni 2027.

Ukitaka kucheza muziki na mwili wako, nenda Band on the Wall, Swan Street. Jina limetokana na jukwaa la zamani lililowekwa juu ukutani ili wanamuziki wawe juu ya umati. Wanaleta wapigaji kutoka Afrika, Karibea na Asia. Hapa hakuna wa kukwambia ukae.

Hatua ya 7: Wapenda mpira, pandeni tramu

Nenda MediaCity, Salford, utembee hadi The Lowry. Ni jengo la mwaka 2000 lenye kazi nyingi za L. S. Lowry, ambaye mchana alikuwa mkusanya kodi za nyumba akipita mlango hadi mlango, na usiku akachora watu wembamba kama njiti wakitoka viwandani. Picha yake ya mashabiki wakielekea uwanjani ilinunuliwa na jumba hili mwaka 2022 kwa pauni milioni 7.8. Kuingia kwenye maonyesho yake ni bure. Kaa mbele ya umati ule mpaka umpate mtu mmoja mmoja; kila mmoja ana mwendo wake.

Hatua ya 8: Uwe mshiriki

Anayeishi hapa asibaki mtazamaji. Majumba mengi huchukua watu wa kujitolea, na kwa mgeni hiyo ni njia nzuri ya kupata Kiingereza, marafiki na barua ya sifa ya kazi. Warsha za familia za Jumamosi mara nyingi ni bure. Peleka watoto, nawe ushike brashi. Agosti, nenda Alexandra Park kwenye kanivali ya Wakaribea ya Moss Side, ukiwa na kanga begani. Mtaulizana.

Ukiwa na saa moja tu kabla ya treni

Kutoka kituo cha Piccadilly, shuka mteremko, pita Piccadilly Gardens, ingia Mosley Street. Ni kama robo saa kwa mguu wa kawaida. Kama si Jumatatu, mlango uko wazi. Mkoba mkubwa uliza pa kuuacha, kisha mwambie wa kwanza utakayemwona amevaa kitambulisho: "Ira Aldridge yuko wapi leo?"